Kumkinga Kobe na Baridi ya Usiku: Blanketi Kwanza, Msimbo Baadaye

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima kwa sababu ya kazi, lakini leo nimepata nafasi. Mwanafunzi mmoja aliniandikia barua pepe akiniuliza: kati ya programu zote nilizoandika tangu nimalize shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, ni ipi ninayojivunia zaidi? Nadhani alitarajia nitaje mfumo wa malipo ninaoushughulikia siku hizi hapa Nairobi. La hasha! Ni programu ya mistari isiyofika mia moja, na kazi yake ilikuwa kuwaangalia kobe wawili wakilala.

Msicheke kwanza. Nitaeleza.

Mwaka 2021 nilikwenda Uingereza kusoma shahada ya uzamili, mwaka mmoja tu. Nilipanga chumba katika kijiji kimoja magharibi mwa Durham, upande wa milimani, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane aliyestaafu, na katika chumba cha nyuma, karibu na mashine ya kufulia nguo, alikuwa akifuga kobe wawili. Mmoja aliitwa Biscuit, mwingine Toffee. Kila mmoja alikuwa na uzito wa kilo tano hivi.

Nilipowaona mara ya kwanza nilishtuka, maana niliwajua! Ni kobe wale wale wa madoadoa, manjano na meusi, tunaokutana nao kwetu Makueni mvua ikinyesha, wakivuka barabara kana kwamba ni yao. Wataalamu humwita Stigmochelys pardalis, na Waingereza wamempa jina la chui kwa ajili ya yale madoa. Hupatikana kuanzia Ethiopia mpaka Afrika Kusini. Hawa wawili walizaliwa Uingereza mikononi mwa wafugaji. Hawajawahi kuiona Afrika hata siku moja, lakini miili yao haikupata habari hizo. Bado inasubiri jua la Makueni.

Na hapo ndipo penye shida.

Waingereza wamefuga kobe kwa miaka mingi. Zamani waliletwa kwa wingi kutoka nchi za Bahari ya Mediterania, mpaka biashara hiyo ilipopigwa marufuku mwaka 1984. Kobe wa Mediterania anajua majira ya baridi. Mwenyewe huandaliwa, akafunga tumbo, akalala usingizi mzito miezi kadhaa kwenye baridi ya nyuzi 5 hivi, kisha akaamka masika. Kobe wetu hajui mambo hayo. Hana usingizi wa baridi. Ukimwacha kwenye nyuzi 5 halali, anakufa polepole.

Kwa nini? Kwa sababu kobe hana jiko ndani ya mwili. Wewe na mimi tukila ugali, sehemu kubwa ya chakula hicho inageuka joto la kutuweka kwenye nyuzi 37. Kobe hufuata joto la mahali alipo. Chumba kikiwa nyuzi 12, baada ya saa kadhaa naye anakaribia nyuzi 12. Tumbo linasimama, majani aliyokula mchana yanakaa humo bila kusagwa, na kinga ya mwili inalegea. Baridi ikichanganyika na unyevunyevu, anashikwa na mafua yanayoshuka mpaka mapafuni. Na mafua ya kobe si mchezo, maana hawezi kukohoa vizuri kama sisi akatoa makohozi.

Utauliza: mbona kobe wa kwetu hulala nje mwezi wa saba, na Nairobi wakati huo usiku hushuka mpaka nyuzi 11 au 12? Swali zuri. Kwanza, hujificha chini ya kichaka au nyasi, na udongo uliochomwa na jua mchana humrudishia joto kidogo kidogo. Pili, na hili ndilo kubwa, asubuhi jua linarudi. Kufikia saa nne gamba limeshapata moto, na hasara ya usiku imelipwa. Kule Durham mwezi wa kumi na mbili jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na katikati ya hapo mara nyingi hulioni. Usiku mmoja wa baridi haumuui kobe. Kinachomuua ni usiku wa baridi usiofuatwa na asubuhi.

Kwa hiyo mchana walikuwa na taa ya joto, sehemu ya kuota penye nyuzi 32 hadi 35, pamoja na taa ya UVB kwa ajili ya mifupa na gamba. Usiku taa zote zilizimwa, maana kobe anahitaji giza kama mtu. Ikabaki hita ya kauri ya wati 100, inayotoa joto bila mwanga, ikiongozwa na thamostati. Lengo lilikuwa wasishuke chini ya nyuzi 20.

Huyu mama hakuiamini thamostati hata kidogo. Kila usiku wa baridi aliamka saa nane, akavaa gauni lake la usiku, akashuka ngazi kwenda kusoma kipimajoto. Nilikuwa nikisikia ngazi zikilia nikiwa kwenye vitabu vyangu. Alikuwa na zaidi ya miaka 70, nyonga moja mbovu, na alikuwa amepangiwa upasuaji wa nyonga hiyo wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Jioni moja akaniambia: “Wewe ni mtu wa kompyuta. Nikiwa hospitalini nitakuachia hawa wawili. Unaweza kutengeneza kitu kitakachonifanya nilale?”

Msomaji, mwambie kijana wa miaka 24 mwenye shahada ya kompyuta maneno hayo, halafu umwangalie macho yake.

Ramani ya kwanza iliyonijia kichwani nadhani ndiyo ambayo ingekujia wewe pia. Unachukua ESP32, unaiunganisha na kihisi joto cha DS18B20, yaani kile kifaa kidogo chenye waya tatu kinachopima joto, kisha rilei ya kuwasha na kuzima hita. Joto likishuka chini ya 20, washa. Likipanda juu ya 22, zima. Mistari kumi hivi ya msimbo. Juu yake unaweka kurasa za kupendeza za wavuti zenye grafu, na kila mtu anakupigia makofi.

Lakini kabla kitu chochote hakijamkaribia kobe nilikiweka mezani, nikafunga taa ya kusomea mahali pa hita, nikaanza kukitesa. Huu ndio ushauri wangu kwa kila mtu anayetaka kuongoza kitu cha moto kwa msimbo: usikijaribu kinapofanya kazi vizuri, kijaribu kinapokufa.

Jaribio la kwanza: nilichomoa waya wa kihisi. Ile maktaba ya msimbo ambayo karibu kila mtu huitumia kusoma kihisi hiki haikusema “kihisi hakipo”. Ilirudisha namba: -127. Sasa fikiria. Kwa msimbo wa mistari kumi, -127 ni nini? Ni baridi kali kuliko ya Antaktika! Basi washa hita. Na kwa kuwa kihisi kimekatika, namba itabaki -127 milele, na hita itabaki imewashwa milele. Waya mmoja umekatwa na ukucha wa kobe, na asubuhi unakuta kobe wameokwa.

Jaribio la pili: nilikata umeme wa kihisi kwa sekunde moja kisha nikaurudisha. Safari hii kilisema 85. Hiyo ndiyo namba ambayo kihisi hiki huwa nayo kinapoamka kabla hakijapima chochote, na imeandikwa wazi kwenye karatasi za watengenezaji. Kwa msimbo wa mistari kumi, 85 ni moto wa kutisha, basi zima hita. Umeme wa kihisi ukiwa unayumba usiku kucha, utapata 85 baada ya 85, na kobe wanaganda huku kompyuta ikiamini wanachemka.

La tatu sikuhitaji kulijaribu, fundi yeyote wa umeme anakujua: rilei ikichoka, vyuma vyake vya ndani huweza kushikana kwa kuungua. Msimbo unasema zima, rilei inasema ndiyo bwana, na umeme unaendelea kupita.

Mambo mawili ya kwanza unaweza kuyazuia kwa msimbo. Kataa namba yoyote iliyo chini ya sifuri au juu ya hamsini, kataa joto linaloruka nyuzi ishirini kwa sekunde moja. La tatu huwezi. Hakuna mstari wa msimbo unaoachanisha vyuma vilivyoungana.

Nikakaa nikawaza. Thamostati ya dukani, ile ambayo mama mwenye nyumba haiamini, ilikuwa imepimwa kiwandani na watu ambao kazi yao ni hiyo. Mimi nilikuwa na wiki tano na meza. Kwa hiyo nikaamua: msimbo wangu hautagusa hita. Utaangalia tu. Kuwasha na kuzima ni kazi ya thamostati, na kazi yangu ni kumwambia mtu pale thamostati inaposhindwa. Fundi na mlinzi wasiwe mtu mmoja.

Na thamostati nazo zikawa mbili, zimefuatana kwenye waya mmoja. Ya kwanza iliwekwa nyuzi 22. Ya pili, yenye kihisi chake mwenyewe, nyuzi 27. Umeme haufiki kwenye hita mpaka zote mbili zikubali. Ya kwanza ikigoma kuzima, ya pili inakata. Vihisi vyote viwili nilivifunga kwa vibano ukutani, kimo cha mgongo wa kobe, ndani ya kijumba chenyewe. Usidharau jambo hilo. Kobe wa kilo tano ni tingatinga. Anasukuma kila kitu. Akikisukuma kihisi kikaangukia nje kwenye chumba cha baridi, thamostati itapima chumba badala ya kobe, na hita haitazimika.

Hapo nikadhani nimemaliza. Jumapili moja nikampigia mama yangu simu, nikamweleza ninachofanya. Kimya kidogo. Kisha akasema: “Kwa hivyo tulikupeleka Ulaya kusomea kompyuta ama kulea kobe?” Nilicheka mpaka nikapaliwa. Alipomaliza kunichapa kwa mdomo akauliza swali moja tu: “Na hicho kijumba chao, umekifunika na nini?”

Hakikuwa kimefunikwa na kitu. Kilikuwa sanduku la plaiwudi lenye wavu juu. Mama amefuga kuku miaka yote ninayomkumbuka. Akasema, “Mimi vifaranga wangu wanaishi na hakuna stima. Naweka maji moto kwa jerikeni, nafunga na gunia, nafunika sanduku. Wewe unawasha moto kwa nyumba haina paa.”

Baada ya simu hiyo nilichukua kalamu nikafanya hesabu ambayo mwalimu wa fizikia wa kidato cha tatu angeipenda. Kijumba kilikuwa na urefu wa mita 1.2, upana 0.6 na kimo 0.5. Ukijumlisha pande zote sita unapata kama mita 3.2 za mraba. Tuseme ndani unataka nyuzi 22 na chumba kimeshuka mpaka 12, tofauti ya nyuzi 10. Kupitia plaiwudi ya milimita 12, hata kikiwa na kifuniko cha plaiwudi hiyo hiyo, kijumba hicho hupoteza kama wati 90. Hita ni ya wati 100! Yaani ilikuwa ikikimbia usiku kucha ili ibaki palepale. Chumba kikishuka nyuzi 8, hita haitoshi tena, hata thamostati iwe ya dhahabu.

Sasa ongeza stairofomu ya sentimita 5 pande zote, ile nyeupe nyepesi inayofungashiwa televisheni. Hasara inashuka mpaka wati 18 hivi, mara tano pungufu. Unaongeza kidogo kwa ajili ya matundu ya hewa, maana lazima wapumue na unyevu utoke, lakini bado ni chini ya theluthi moja ya mwanzo. Kiasi ambacho taa moja ya zamani ingetosha.

Basi tukahami kijumba. Stairofomu tuliifunika na plaiwudi ndani pia, kwa sababu kobe huonja kila kitu na angeila. Juu tukaweka kifuniko chenye bawaba. Hita tuliifunga kwenye soketi ya kauri, si ya plastiki, na kuizungushia kizimba cha chuma, maana uso wake huunguza. Mlangoni tukatundika vipande vya plastiki nene kama vile vya buchani, ili waingie na kutoka wenyewe.

Niseme jambo moja hapa, kwa sababu watu hulichanganya. Blanketi haliumbi joto. Ukimfunika mtoto wa binadamu anapata joto kwa sababu yeye mwenyewe ndiye jiko, na blanketi linazuia tu lisitoroke. Ukimfunika kobe baridi kwa blanketi, utapata kobe baridi aliyefunikwa. Lazima joto litoke mahali fulani. Lakini ukishakuwa na joto, ni kuhami ndiko kunakoamua litakaa dakika ngapi au saa ngapi baada ya jiko kuzimika.

Na hilo, wasomaji wangu, ndilo somo lote la makala hii. Sisi watu wa programu tunapenda kuuliza: nitafanyaje mfumo usianguke? Swali la mama yangu lilikuwa jingine: ukianguka, una muda gani?

Msimbo niliufanyia jambo moja zaidi. Mifumo mingi ya tahadhari hutuma ujumbe mambo yanapoharibika. Lakini umeme ukikatika, kile kifaa cha kutuma kinakufa pamoja na kisambaza intaneti, na wewe unapata kimya. Na kimya ukikisikiliza vibaya kinafanana na amani. Kwa hiyo niligeuza: ESP32 ilituma salamu kila dakika tano kwenye seva ndogo niliyokodi Ujerumani. “Niko hai, joto ni 22.” Seva isiposikia salamu kwa dakika 20, inaipigia simu yangu kelele. Mlinzi huyu halii anapomwona mwizi. Analia mwenzake asipomwitikia.

Tarehe 24 Novemba mama mwenye nyumba alikwenda hospitalini. Ijumaa tarehe 26 ikaja dhoruba Arwen.

Wale mliokuwa Uingereza mwaka huo mnaikumbuka. Idara yao ya hali ya hewa ilitoa onyo jekundu, la juu kabisa, kwa pwani ya kaskazini-mashariki mwa Uingereza na mashariki mwa Scotland. Upepo uliangusha miti na nguzo, na nyumba karibu milioni moja zilipoteza umeme. Nyingine zilikaa gizani zaidi ya wiki. Sisi wa milimani tulipata na theluji juu yake.

Nililala nikisikia paa likipiga kelele. Saa saba na dakika kumi usiku simu ikalia: hakuna salamu kwa dakika 20. Nikabonyeza swichi ya taa, hakuna taa. Nikawasha tochi ya simu nikashuka zile ngazi zinazolia. Kipimajoto cha betri ndani ya kijumba kilisema nyuzi 22. Chumba kilikuwa 13 na kinashuka, maana boila ya mafuta nayo haiwaki bila umeme.

Nitakuwa mkweli: niliogopa. Si kobe tu. Kuna mtu alikuwa kitandani hospitalini, mguu umeshonwa, ameniamini mimi kijana wa watu nisiyemjua hata miezi mitatu, kwa viumbe aliowalea na marehemu mumewe. Na mtandao wa simu, ambao ndio ulionibebea tahadhari, ulizimika kabla ya mapambazuko. Mnara ulikuwa umeishiwa betri. Baada ya hapo sikuwa na mtu wa kumuuliza chochote.

Lakini jiko lilikuwa la gesi ya mtungi. Nikaweka sufuria. Kulikuwa na jerikeni mbili za lita tano, na hesabu yake nilikuwa nimeshaifanya kwenye daftari siku ile ile mama aliponikemea: lita tano za maji zikipoa kutoka nyuzi 60 mpaka 25 hutoa karibu kilojuli 730. Ni sawa na wati 25 kwa muda wa saa nane. Wati 25! Ile ile hasara ya kijumba kilichohamiwa. Mama hakuwahi kuandika hesabu hiyo popote, lakini kuku wake walikuwa wameithibitisha kwa miaka thelathini.

Maji hayakuwa ya kuchemka, yalikuwa ya kuvumilika kidogo tu mkononi, ili plastiki isilegee na kobe wasiungue. Nikafunga kila jerikeni kwa taulo, nikaweka moja kila pembe, nikafunga kifuniko, nikatupa duveti langu juu yake bila kuziba matundu ya hewa. Alfajiri chumba kilikuwa nyuzi 8. Mimi nilikuwa nimevaa makoti mawili. Ndani ya kijumba: 21. Biscuit alikuwa ameegemeza gamba lake kwenye jerikeni kama mzee kwenye ukuta wenye jua.

Jumamosi nzima, Jumapili nzima, nilibadilisha maji kila baada ya saa sita. Chakula sikuwapa, kwa sababu bila taa ya mchana hawakuwa na joto la kutosha la kusaga, na majani tumboni yangekuwa mzigo. Maji ya kunywa ya uvuguvugu niliwapa. Kobe mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila kula bila shida yoyote. Mtu ndiye asiyeweza kukaa bila kuwa na wasiwasi.

Umeme ulirudi Jumatatu jioni. ESP32 ikaamka, ikatuma salamu yake kana kwamba haijaondoka popote. Thamostati zikabofya, moja, kisha ya pili. Nikampigia mama mwenye nyumba hospitalini. Hakusema “asante” kwanza. Aliuliza, “Pua zao ni kavu?” Nikamwambia ni kavu. Nikasikia akivuta pumzi ndefu, kisha akaniambia nesi anamwona analia, na nisimwambie mtu. Samahani mama, nimewaambia hawa wachache tu.

Sasa, kwa ninyi mlioko nyumbani. Nawaomba msiende kuokota kobe porini mkaleta mjini kwa sababu ya makala hii! Kwanza, kufuga mnyamapori Kenya bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na kobe ni mnyamapori. Kibali hutolewa na KWS. Yule kobe wetu mwingine, bapa, anayeishi kwenye nyufa za miamba, analindwa hata zaidi. Tangu mwaka 2019 biashara ya kimataifa ya wale waliotolewa porini imepigwa marufuku. Pili, hapa kobe hahitaji hita yako. Ana jua. Mwache avuke barabara, na ukiweza simamisha gari.

Lakini wengi wenu mna vifaranga, na hesabu ni ile ile. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka waote manyoya. Usinunue mashine ya kisasa kabla hujahami sanduku na kuziba upepo wa chini ya mlango. Wekeni jerikeni tayari kwa siku stima ikipotea, maana mnakumbuka mwaka 2023 nchi nzima iliingia gizani zaidi ya mara moja. Na tafadhali, jiko la makaa lisiwekwe kwenye chumba kilichofungwa ambamo watu wanalala. Ile hewa yake ya sumu haina harufu, na haibagui kifaranga na mtu.

Na kwa yule mwanafunzi: nimejibu swali lako kwa urefu kuliko ulivyotaka. Utaandika programu kubwa kuliko yangu. Ukiandika, tafuta kwanza mahali pa kuweka stairofomu. Yaani jiulize, kabla ya grafu na rangi na kurasa za kupendeza: siku hii kitu yote ikizimika, yule anayeitegemea atakuwa na dakika tano, ama atakuwa na usiku mzima?

Wenye swali kuhusu waya au msimbo niulizeni, nitajibu nikitoka kazini. Wiki ijayo nitaweka msimbo wa ile seva ya salamu, nao ni mfupi sana. Alamsiki.